SHAMBA LA PILI LIKO UANI
Somo la bustani ya mboga kwa mwenye nyumba



Somo letu la safari hii haliendi kwenye mikarafuu, linabaki nyumbani. Tutazungumza juu ya kile kipande cha ardhi kilichoko baina ya ukuta wa nyumba na ua wa makuti, ambacho wengi wetu hukifagia kila asubuhi kikawa cheupe, kisha hukiacha hivyo mwaka mzima. Kipande hicho chaweza kututolea mboga ya chungu siku nyingi za mwaka. Lakini hakitatoa kitu mpaka kwanza tuilishe ardhi yake. Anayepanda kabla ya kuilisha ardhi hupoteza mbegu, maji, na mwisho hupoteza moyo. Na wengi walioacha bustani waliacha kwa sababu hiyo, si kwa uvivu. Mtu akiyasahau yote mengine ya somo hili, neno hilo asilisahau.

1. KWA NINI MKULIMA WA KARAFUU AWE NA BUSTANI

Mkarafuu ni mti wa baraka, lakini haulipi mshahara wa mwezi. Huzaa kwa msimu, na aghalabu mwaka wa mavuno makubwa hufuatwa na mwaka wa mavuno haba, kwa kuwa mti uliotoa sana huhitaji muda wa kurejesha nguvu zake. Chungu cha nyumbani hakiijui habari hiyo. Chungu hutaka kujazwa kila siku, mwaka wa neema na mwaka wa dhiki.

Wazee wetu waliyaona haya. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na waliotegemea zao hilo peke yake wakabaki mikono mitupu. Katika miaka ya 1930 madeni ya wakulima yalikuwa makubwa hata serikali ya wakati ule, mwaka 1934, ikatunga sheria ya kuwekea mipaka uuzaji na uwekaji rehani wa ardhi zao. Na katika miaka ya 1980 Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa, ilipoanza kujitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, bei ikaporomoka. Mara zote hizo mkulima hakuwa na kosa, ila alikuwa na mlango mmoja tu wa riziki, na mlango ule ukafungwa.

Tena deni mara nyingi halianzi kwa jambo kubwa. Huanzia dukani na sokoni: leo fungu la mchicha, kesho tungule, keshokutwa pilipili na ndimu. Kila kimoja ni kitu kidogo, na kila kimoja huandikwa katika daftari ya mwenye duka. Mtu akienda hivyo miezi sita, hufika msimu karafuu zake zikiwa bado mtini na tayari zina mwenyewe.

Hatusemi kwamba bustani itajenga nyumba au itampeleka mtu Hija. Kazi yake ni kuziba matundu madogo madogo ambayo fedha za karafuu huvujia. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba vilevile hukimaliza.

2. UTAZAME UWANJA KABLA YA KUSHIKA JEMBE

Kabla ya kulima, mwenye nyumba autazame uwanja wake siku moja nzima, asubuhi, adhuhuri na alasiri, ajue mambo manne.

La kwanza ni jua. Bamia, biringani, tungule na pilipili hutaka jua la saa sita kwa siku au zaidi. Tangawizi na manjano huvumilia kivuli. Hapa pana jambo ambalo hupotosha watu. Pemba iko nyuzi 5 hivi kusini ya ikweta, kwa hiyo jua halipiti mahali pamoja mwaka mzima. Mwezi wa Juni jua la mchana huelemea kaskazini, na kivuli cha nyumba huangukia upande wa kusini. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka. Basi mtu achaguaye mahali kusini ya nyumba wakati wa kiangazi, akaona jua limejaa, asistaajabu kuona mahali pale pamekuwa kivulini wakati wa kipupwe. Nyumba yenye kimo cha futi 12 hutoa kivuli cha futi 6 hivi saa sita za mchana mwezi wa Juni. Kwa hiyo tuta liwe hatua tatu au nne mbali na ukuta. Na hilo litaliepusha pia na maji ya paa, ambayo wakati wa masika huchimba ardhi na kuzikosha mbegu.

La pili ni maji. Tuta liwe karibu na kisima, mfereji au mtungi. Tuta lililo mbali na maji humwagiliwa wiki ya kwanza tu.

La tatu ni usafi. Tuta la mboga lisiwe karibu na shimo la choo, wala maji yake yasipite hapo, hasa mboga zile ziliwazo mbichi.

La nne ni wanyama. Kuku wawili wakiingia katika tuta jipya hufanya kwa saa moja hasara ambayo mdudu hawezi kuifanya kwa mwezi, na mbuzi mmoja humaliza kilichobaki. Basi ua hujengwa kwanza, mbegu hufuata. Makuti yatosha, au miti ya mgirisidia iliyochomekwa karibu karibu. Mgirisidia hushika kwa tawi, na majani yake ni mbolea nzuri kama tutakavyoona.

3. IJUE ARDHI YAKO KWA MKONO

Chukua gao la udongo wenye unyevu, ulifumbate kwa nguvu, kisha fumbua kiganja. Ukiona umetawanyika mara moja, hicho ni kichanga: maji hupita upesi, na chakula cha mimea hupita pamoja nayo. Ukiona umeshikamana, lakini ukiugusa kwa kidole humeguka, hicho ni kinongo au udongo wa namna yake, nao ndio mzuri kuliko wote. Ukiona unanata na waweza kuuviringisha kama uzi, hicho ni kinamo: hushika maji sana, na mizizi hukosa pumzi.

Sasa jambo la ajabu ni kwamba dawa ya kichanga na dawa ya kinamo ni moja, nayo ni mboji. Mboji hukifanya kichanga kishike maji, na hukifanya kinamo kifunguke. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba uwanja wake ni mbaya na hauwezi kuota kitu. Hata wenzetu wa upande wa uwanda, ambako mwamba uko karibu, wanaweza kuchimba vishimo baina ya mawe, wakavijaza mboji na udongo, wakapanda ndani yake pilipili, mpapai au mmumunye.

Tukumbuke pia kwamba mvua ya Pemba hukaribia milimita 1,900 kwa mwaka. Mvua hii ni neema, lakini kila masika huikosha ardhi na kuuteremsha chini utamu wake, mahali ambapo mizizi ya mboga haifiki. Ndiyo maana ardhi iliyolishwa mwaka jana haiwezi kuachwa mwaka huu.

4. KUILISHA ARDHI

Hapa ndipo roho ya somo ilipo. Katika viambo vyetu kuna desturi ya kufagia majani na kuyatia moto kila jioni. Moshi ule tunaouona ukipanda ndio mbolea yetu inayokwenda zake. Naitrojeni iliyomo katika majani, ambayo ndiyo hukuza mboga, hupotea na moshi. Jivu linalobaki lina potasi, lakini likiachwa wazi mvua ya kwanza hulichukua. Kisha mtu huyo huyo huenda kununua mbolea ya mfuko.

Mbele ya mlango pafagiliwe; hilo ni jambo la adabu, na tena nyoka huonekana. Lakini yaliyofagiliwa yasichomwe. Yapelekwe pembeni, yafanywe jaa la mboji, kwa taratibu hii:

(a) Chagua mahali penye kivuli, mbali kidogo na nyumba. Pima hatua moja na nusu kila upande. Chini tandika vijiti na mabua makavu, hewa ipite.

(b) Tia tabaka la vitu vikavu, kama majani makavu, majani ya mgomba na nyasi kavu, unene wa shubiri moja. Juu yake tia tabaka la vitu vibichi, kama magugu ambayo hayajatoa mbegu, maganda ya ndizi na muhogo, na majani ya mgirisidia, unene wa nusu shubiri. Juu yake nyunyiza samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, na udongo kidogo. Tia maji. Kisha anza tena, mpaka jaa lifike kimo cha kiuno.

(c) Unyevu wake uwe kama wa nguo iliyokamuliwa: ina maji lakini haitiririki. Funika kwa majani ya mgomba ili mvua isilikoshe na jua lisilikaushe.

(d) Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku tano kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, jaa linafanya kazi. Kikiwa baridi na kikavu, tia maji. Kikiwa baridi na chenye harufu mbaya, maji yamezidi. Ligeuze na utie vitu vikavu.

(e) Baada ya wiki tatu ligeuze, la juu liwe chini. Ligeuze tena baada ya wiki tatu nyingine. Katika joto la kwetu, baada ya miezi miwili au mitatu utapata mboji nyeusi yenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa, na majani hayajulikani tena yalikuwa majani gani.

Visitiwe jaani: plastiki, betri, vigae vya chupa, mafuta ya kupikia, mimea iliyokufa kwa maradhi, wala matumbo ya samaki, maana huita paka na panya. Mwani uliotupwa na bahari wafaa sana, lakini kwanza uachwe mvuani ukoshwe chumvi.

Na hapa pana neno linalotuhusu sisi hasa. Makonyo yana soko lake kwa ajili ya mafuta, basi yasitupwe jaani. Na majani ya mkarafuu yaliyopukutika yasitandikwe juu ya tuta la mbegu. Yana mafuta makali, yale yale yanayotoa harufu ya karafuu, na mafuta hayo huzuia mbegu kuota. Hata katika nchi nyingine mafuta ya karafuu hutumiwa kuulia magugu. Machache yakichanganywa na majani mengine jaani yakaoza vizuri, hayana madhara.

Samadi mbichi nayo isitiwe shinani. Hupata moto na kuunguza mizizi. Iachwe ioze miezi miwili au zaidi. Samadi ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe, basi itiwe nusu yake.

5. TUTA LA KWANZA LIWE MOJA

Anayeanza asilime uwanja mzima. Alime tuta moja, upana futi 4 na urefu futi 10. Upana wa futi 4 una maana yake: mtu aliyechutama kando aweza kufika katikati kwa mkono kutoka kila upande bila ya kulikanyaga tuta. Ardhi iliyokwisha kulimwa haikanyagwi, maana kila hatua huirudisha kuwa sakafu.

Lima kwa kina cha futi moja, toa mawe na mizizi ya ukoka, kisha changanya madebe 2 ya mboji au samadi iliyooza. Wakati wa masika linyanyue tuta kwa shubiri moja ili maji yasituame. Wakati wa kiangazi, na hasa penye kichanga, lifanye liwe chini kidogo kuliko ardhi ya pembeni, ili kila tone libaki. Baada ya kulima ngoja wiki moja, magugu yachipue, yang'oe, ndipo upande.

6. CHA KUPANDA, NA LINI UTAKULA

Wingi wa mavuno huja baadaye. Kwa anayeanza, chema zaidi ni kula mapema, kwa kuwa mboga ya kwanza iliyotoka uani ndiyo humpa mtu nguvu ya kuendelea. Hesabu za kawaida ni hizi:

Mchicha: huchumwa baada ya siku 25 hadi 30. Mbegu zake ni ndogo. Zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzimwage kwa mstari, zisije zikarundikana.

Kunde: majani huchumwa baada ya wiki 3 au 4, na punje baadaye. Mizizi yake huirudishia ardhi naitrojeni.

Matembele: hupandwa kwa kipande cha mche cha futi moja, huanza kuchumwa baada ya wiki 5 au 6.

Bamia: roweka mbegu usiku mmoja, panda futi moja na nusu baina ya shina na shina. Huanza kuzaa baada ya siku 50 hadi 60. Lichumwe kila baada ya siku moja. Likiachwa likakomaa mtini, mti hudhani kazi yake imekwisha.

Biringani, tungule na pilipili: hizi husiwa kwanza kitaluni, na baada ya wiki 4 hadi 6 huhamishwa wakati wa alasiri, jua likiwa limepoa. Huanza kuzaa miezi miwili na nusu hadi mitatu baada ya kuhamishwa.

Katika tuta lako la futi 40 za mraba gawa nusu mbili. Nusu ya kwanza iwe ya mchicha, uigawe mara tatu, na kila fungu ulipande wiki mbili baada ya lile lililotangulia. Hivyo la kwanza likiwa linaliwa, la pili linakua na la tatu linaota. Anayemwaga mbegu zote siku moja hula mchicha wiki mbili mpaka watoto wakauchukia, kisha hurudi sokoni. Nusu ya pili tia bamia mashina 4, biringani mashina 2 na pilipili shina 1. Nyumba moja yatosha pilipili ya shina moja, na jirani atapata.

Pembezoni mwa ua, mahali ambapo hapalimwi, panda vitu vya kudumu: mdimu, mpapai, mchaichai, mzunze kwa majani yake, na mrehani na mwasmini kwa harufu. Lakini mfenesi na mwembe visipandwe karibu na nyumba wala kisima. Mti ule mdogo uuonao leo utakuwa na mizizi na matawi ya namna nyingine miaka 20 ijayo.

7. MAJI

Mwagilia alfajiri au alasiri, na maji yaende shinani, si juu ya majani. Kabla ya kumwagilia tia kidole ardhini mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, ngoja. Mimea mingi ya uani hufa kwa maji mengi kama inavyokufa kwa kiu.

Wakati wa kiangazi tuta la kipimo tulichokitaja hutaka debe 1 la maji, yaani lita 18, kwa siku. Wengine watasema debe hilo litatoka wapi wakati kisima kimepungua. Jibu liko karibu nasi. Nyumba ya watu 6, tukikadiria kila mmoja anatawadha mara 3 kwa siku kwa lita 2, hupata lita 36, yaani madebe 2. Maji ya udhu hayana sabuni, na kila siku huyaacha yakapotea. Weka karai au chimba kijifereji kiyaongoze tutani. Maji ya kuoshea mchele na mboga nayo yafaa. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arishia nguo yasitiwe.

Kisha tandika majani makavu baina ya mashina, unene wa vidole vitatu, bila ya kugusa shina. Tandiko hilo hupunguza ukaukaji wa ardhi, huzuia magugu, na baadaye huoza likawa chakula.

8. WADUDU NA MARADHI

Dawa ya kwanza ni jicho. Anayetembelea tuta lake kila asubuhi, akageuza majani akatazama chini yake, humkuta mdudu akiwa mmoja. Viwavi huokotwa kwa mkono. Konokono huokotwa usiku kwa taa, au asubuhi chini ya ubao uliowekwa makusudi. Vidukari hunyunyiziwa maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni kwa lita 1 ya maji, wakati wa jioni, chini ya majani.

Wadudu wakizidi, twanga kilo 1 ya majani mabichi ya mwarobaini, roweka katika lita 5 za maji usiku kucha, chuja, nyunyiza jioni. Rudia baada ya wiki moja. Mboga zioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Biringani, tungule na pilipili ni ukoo mmoja na maradhi yao ni mamoja. Zisifuatane mahali pamoja. Msimu huu zikiwa hapa, msimu ujao hapa pawe kunde au mchicha. Ukiona shina limenyauka ghafula na majani bado ni ya kijani, ung'oe mti, kata kipande cha shina karibu na mizizi, ukining'inize katika gilasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinateremka kutoka mkatoni, huo ni mnyauko wa bakteria, na hauna dawa ya kunyunyiza. Mti huo upelekwe mbali na bustani, usitiwe jaani, na ukoo ule usipandwe tena pale kwa misimu kadhaa.

Ama sumu za dukani, tahadhari. Dawa isiyo na maandishi isiguse mboga ya kuliwa. Yenye maandishi huonyesha idadi ya siku za kungoja kabla ya kuchuma. Siku hizo zihesabiwe kweli. Chupa tupu isifanywe ya maji wala ya mafuta. Mwenye shaka amwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wa eneo lake kabla ya kununua.

Na makopo, vifuu na mipira mibovu iliyolala uwanjani ikusanywe. Maji ya mvua yakituama humo, mbu huzaliana humo.

9. PEMBE MOJA IWE YA MIKARAFUU

Hatukuisahau kazi yetu. Ukishazoea kumwagilia tuta la mboga kila siku, kitalu kidogo cha mikarafuu hakikuongezei taabu. Acha matunda machache yaive juu ya mti mzuri, mpaka yawe ya zambarau iliyokoza. Yaroweke usiku mmoja, yamenye, na uzipande mbegu mara moja. Mbegu ya karafuu haiwekeki kama mbegu ya mchicha. Ikikaa zaidi ya wiki moja hivi uhai wake hutoweka. Zilaze katika ardhi laini yenye mboji, chini ya kivuli cha makuti, unyevu usikatike. Miche ikishika, kivuli hupunguzwa kidogo kidogo, na baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili, masika yakiingia, huhamishiwa shambani. Mti huo utaanza kuzaa katika mwaka wa 6 hadi wa 8.

Mzee mwenye umri mkubwa asiseme kwamba hatauchuma. Dini yetu imetufundisha kwamba apandaye mti, kisha akala kwao binadamu, ndege au mnyama, hiyo huwa ni sadaka yake.

10. MBOGA NI ZA NANI

La mwisho ni jambo ambalo halimo katika vitabu vya kilimo, lakini limeziua bustani nyingi kuliko konokono. Aghalabu anayemwagilia ni mke, anayepalilia ni binti, na siku ya kuuza mafungu ya ziada fedha huchukuliwa na mwingine. Bustani hiyo haifiki msimu wa pili. Sisi Waislamu twajua kwamba mali ya mke ni ya mke mwenyewe, na jasho lake ni mali yake. Basi mume na mke wakae wapatane mapema: kiasi gani ni cha chungu, na kiasi gani ni cha aliyelima. Waandike katika daftari kila kilichochumwa, na bei ambayo wangekinunua sokoni. Baada ya miezi mitatu wajumlishe. Jumla ile itasema kuliko maneno ya somo hili, na msimu wa karafuu utakapofika, wataitazama kando ya daftari ya duka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mahali palipo na jua mwezi wa Desemba paweza kuwa na kivuli mwezi wa Juni?
2. Umeufumbata udongo wako. Ni wa namna gani, na dawa yake ni nini?
3. Tunapochoma majani, nini hupotea na moshi, na nini hubaki katika jivu?
4. Kwa nini majani ya mkarafuu hayatandikwi juu ya tuta la mbegu?
5. Tuta la futi 4 kwa futi 10 hutaka maji kiasi gani kwa siku wakati wa kiangazi, na nyumbani kwako yatatoka wapi?
6. Nyumbani kwako mmepatana vipi juu ya mapato ya bustani?

Mwanachama asiye na nafasi ya kufanya yote, na aanze na jaa la mboji wiki hii, kabla ya kununua mbegu yoyote. Likiiva, tuta litakuwa limekwisha kupata chakula chake, na kazi iliyobaki ni nyepesi.

Wassalaam,
Katibu wa Chama